Ufipa Iliyosemwa na Wengine

Mwaka 1934 mwanaanthropolojia Mwingereza Audrey Richards, akiwa kwa Wabemba wa Rhodesia ya Kaskazini, aliandika kwa makini kazi ya vijana waliokuwa wakizunguka vijijini kuwasaka wachawi. Walivaa kizungu, walitembea na dawa, na silaha yao kubwa ilikuwa kioo kidogo cha mviringo. Kijiji kizima kiliitwa. Watu walipangwa mstari, wanaume kwao na wanawake kwao, wakapita mmoja mmoja nyuma ya mgongo wa kijana huku yeye akitazama sura zao kiooni. Aliyesimamishwa alitakiwa atoe pembe zake za uchawi. Akikana, nyumba ilipekuliwa. Mwishoni wote walinywa dawa ambayo, kwa maelezo ya wenyewe, ingemuua yeyote atakayerudia uchawi.

Vuguvugu hilo liliitwa mchape. Lilianzia Nyasaland, na kati ya 1933 na 1934 lilikuwa limekwisha kupanda hadi Ufipa, juu ya ule uwanda ulioinuka katikati ya mabonde mawili, Ziwa Tanganyika likiwa magharibi na Ziwa Rukwa mashariki. Huko lilikuja kujulikana kama kamchape, na lilikuwa la kurudi tena.

Kioo hicho kilikuwa bidhaa ya dukani, mtu yeyote mwenye senti chache angeweza kukinunua. Lakini mahali pale, saa ile, mtazamaji alikuwa mmoja tu. Kijiji hakikuona alichokiona. Kilisikia jina likitajwa, na jina likishatajwa mbele ya kadamnasi ilikuwa juu ya mtuhumiwa kuthibitisha kwamba yeye si mchawi, jambo ambalo hakuna mwanadamu awezaye kulithibitisha. Mjane aliyesimamishwa hakuwa na wa kumlilia, kwa kuwa hakimu, shahidi na mtangazaji walikuwa kijana yule yule, naye kesho yake angekuwa kijiji kingine.

Ninaianza hapa historia hii kwa sababu Ufipa yenyewe ilikuja kutendewa hivyo hivyo. Nchi nzima ilisimamishwa mstarini, ikatajwa, na waliobeba habari zake wakaenda zao.

Haikuwa hivyo tangu mwanzo. Mskochi Joseph Thomson alipopita Ufipa mwaka 1880, akiwa kijana wa miaka 22 aliyetumwa na Jumuiya ya Kifalme ya Jiografia ya London, aliwasifu Wafipa kwa kilimo kuliko karibu watu wote aliowaona safarini, akawaeleza kuwa wapole na wenye amani. Hakuna mahali alipowachora kama nchi ya giza. Alikosea jambo lingine: alipoliona Ziwa Rukwa kutoka juu ya magenge, alilipa jina la Leopold, kana kwamba waliokuwa wakivua humo hawakuwa wamelipa jina. Jina lake likaingia katika ramani za Ulaya kwa muda. Mvuvi wa Rukwa hakuulizwa, na hakuwa na njia ya kupeleka masahihisho London.

Wafipa wenyewe walikuwa na namna yao ya kujieleza. Masimulizi yao ya kale yanasema juu ya mtawala wa Milanzi, mwenyeji wa kwanza, aliyeondoka kwake kwa muda. Nyuma yake wakaja wanawake watatu wageni, wakapokea kiti cha utawala kutoka kwa mkewe. Aliporudi hakushika silaha. Kulikuwa na mapatano: wageni, ukoo wa Watwa, watawale, yeye abaki na mlima Itwelele na heshima ya ibada za nchi. Kutoka kwa Watwa hao zikatokea enzi mbili, Nkansi na Lyangalile. Mwanaanthropolojia Roy Willis, aliyeishi Ufipa mwanzoni mwa miaka ya 1960, alilifanya simulizi hilo kuwa kiini cha kitabu chake cha mwaka 1981 kuhusu dola ya Ufipa. Mimi ninalitaja kwa sababu moja. Nchi iliyoachiwa kujisimulia yenyewe ilichagua kujisimulia kwa habari ya kiti, mgeni na maafikiano.

Na kazi zao zilijieleza. Mafundi wa Ufipa walijenga tanuru za udongo ndefu kuliko mtu, ziitwazo malungu, zikivuta hewa zenyewe bila mivuo. Chuma kilichotoka humo kilisafishwa tena katika tanuru ndogo, kikafuliwa majembe yaliyouzwa mbali. Walifuma nguo za pamba. Walilima kwa matuta ya mviringo, intumba, wakifukia majani chini ya udongo yaoze na kuirutubisha ardhi, ujuzi ambao mabwana shamba wa kikoloni walikuja kuuandikia makala. Mwaka 1937 jarida la Tanganyika Notes and Records, ambalo lilikuwa na umri wa mwaka mmoja tu, lilichapisha maelezo ya uyeyushaji wa chuma wa Ufipa. Lakini jarida hilo lilikuwa la Kiingereza, na wasomaji wake walikuwa maofisa na wasomi. Mtu wa Tanga au Bagamoyo hakulisoma. Sifa njema ya Ufipa ikabaki katika makabati ya maktaba, na sifa mbaya ya uchawi ikasafiri kwa mdomo, kwa lori na baadaye kwa gazeti.

Serikali ya kikoloni nayo iliandika sheria. Sheria ya Uchawi ya mwaka 1928 ilikusudiwa kuzuia watu wasijichukulie hatua, na kwa kiasi fulani ilifanya hivyo. Ndani yake, hata hivyo, kifungu cha 8 kilimpa mkuu wa wilaya uwezo wa kumwamuru mtu anayetuhumiwa uchawi akakae mahali atakapopangiwa na kuripoti kila atakapotakiwa. Tazama jinsi mizani ilivyolala. Minong'ono ya kijiji ilipofika boma ikageuka karatasi yenye muhuri, na mtu akahamishwa kwao kwa uvumi. Sheria hiyo, pamoja na marekebisho yake, ilirithiwa na Tanzania huru.

Wakati huo huo Waswahili wa mijini walikuwa wamepata chombo kipya. Mambo Leo, gazeti la serikali lililoanza mwaka 1923, lilikuwa na safu ya Habari za Miji ambamo watu wa bara waliandika wenyewe juu ya kwao: mvua, ndoa, vifo, shule iliyofunguliwa. Lilikuwa gazeti la mkoloni na lina dhambi zake. Hata hivyo safu ile ilikuwa na haki ndogo ambayo vyumba vingi vya habari vilivyolifuata viliipoteza: habari ya mji iliandikwa na mtu wa mji huo, na jirani zake wangeweza kumsoma na kumkosoa. Redio ilipokuja, kwanza Sauti ya Dar es Salaam mwaka 1951 na hatimaye Redio Tanzania mwaka 1965, sauti ilitoka pwani kwenda bara. Ufipa ilisikiliza. Kusikilizwa kulihitaji barua, nauli na bahati.

Mwaka 1963 machifu waliondolewa kisheria Tanganyika nzima. Mwaka huo huo na uliofuata kamchape akarudi Ufipa, na safari hii Willis alikuwapo. Aliyoyaandika mwaka 1968 yanastahili kusomwa na kila mhariri anayepanga kutuma mwandishi Sumbawanga, mji wa Ufipa. Aliona kwamba nyuma ya pembe na dawa kulikuwa na mvutano wa vijana dhidi ya wazee walioshika madaraka ya kijiji. Kamchape aliwapa vijana jukwaa. Mzee aliyesimama njiani mwao angeweza kutajwa. Tuhuma ya uchawi, kwa maneno mengine, ilikuwa na sababu za hapa duniani: ardhi, vyeo, urithi, wivu wa mafanikio. Anayeiripoti tuhuma bila kuuliza nani anafaidika nayo ameshika upande, hata kama hajui.

Baada ya hapo ulipita muda mrefu ambao Tanzania haikuwa na la kusema juu ya Ufipa isipokuwa mahindi. Mkoa wa Rukwa, wenye Ufipa ndani yake, uliundwa mwaka 1974, Sumbawanga ikawa makao makuu, na pamoja na Iringa, Mbeya na Ruvuma mkoa huo ukahesabiwa katika ile minne mikubwa iliyolisha nchi. Hifadhi ya taifa ya chakula ina kituo chake hapo hadi leo. Lakini barabara ilikuwa ya vumbi na matope. Lami ya kutoka Tunduma ilikuja kukamilika katika muongo wa 2010 kwa fedha za msaada wa Marekani. Mji usiofikika ni rahisi kuusemea chochote, kwa maana anayesikiliza hawezi kwenda kujionea na kurudi Jumatatu kazini.

Ndipo yakashamiri magazeti binafsi baada ya mwaka 1992, na katikati yake magazeti ya udaku. Televisheni ya Bara ilianza mwaka 1994. Ushindani ulikuwa wa kweli na mauzo ya mtaani ndiyo yaliyolipa mishahara, na kichwa cha habari chenye neno Sumbawanga kilikuwa na soko. Hata jina la mji, ambalo wenyeji hulieleza kuwa ni amri ya kuutupilia mbali uchawi, likageuzwa hati ya mashtaka dhidi yao. Wachekeshaji walilichukua. Wanafunzi kutoka Rukwa walipofika vyuoni Dar es Salaam au Morogoro walipokelewa na mzaha ule ule kila mwaka, na ukiukasirikia ulithibitisha, na ukiucheka ulithibitisha.

Kisa cha radi ndicho kilichosambaa kuliko vyote. Inasemwa nchi nzima kwamba huko radi hutumwa, kama barua, kwa mtu aliyekosana na mwenzake. Sasa iangalie nchi yenyewe. Uwanda wa Ufipa uko kwenye mita 1,800 hivi juu ya usawa wa bahari, na milima ya Mbizi juu ya mji inazidi mita 2,000. Kila upande kuna ukingo unaoshuka ghafla hadi ziwani. Hewa yenye unyevu kutoka maziwa mawili hupanda kuta hizo, hupoa, na kuanzia Novemba hadi Aprili huleta mawingu ya ngurumo. Chini yake kuna uwanda wa nyasi usio na miti mirefu, wachungaji walio peupe, madarasa ya bati yasiyo na kinga radi. Watu hufa. Habari ya kweli ilikuwa hiyo, na swali la kumwuliza mkurugenzi wa halmashauri lilikuwa shule ngapi zina kinga. Badala yake ikaandikwa habari ya aliyeituma, na mara nyingi kijijini palikuwa na mtu mwenye jina na nyumba ambaye baada ya habari hiyo hakulala kwa amani.

Kuanzia mwaka 2006 hivi mauaji ya watu wenye ualbino yaliitikisa nchi, na hapo maneno yakawa suala la uhai. Mwaka 2008 Vicky Ntetema, aliyeongoza ofisi ya BBC Dar es Salaam, aliwaendea waganga wa Kanda ya Ziwa kwa kujificha, akijifanya mteja, na kufichua biashara ya viungo vya binadamu. Alitishiwa maisha, ikambidi ajifiche. Kazi yake ilikuwa na adabu ambayo ninaitamani kwa wengine wote. Aliwafuata wauzaji na bei zao, akaacha kabila na mkoa. Alionyesha mnyororo wa watu wanaotaka fedha, na mnyororo una mahali pa kukatwa.

Januari 2009 jambo lilifika bungeni. Waziri Mkuu Mizengo Pinda, mzaliwa wa Mpanda, ambayo wakati huo ilikuwa ndani ya Mkoa wa Rukwa, alikuwa amesema hadharani ziarani kwamba wauaji wa watu wenye ualbino nao wauawe. Alipoulizwa na wabunge iwapo kiongozi anaweza kuwaambia raia waue, alilia mbele ya Bunge na kuomba radhi. Wengi wanakumbuka machozi tu. Mimi ninakumbuka swali. Bunge lilimtaka mtu mwenye kipaza sauti kikubwa kuliko vyote nchini, baada ya Rais, ajibu kwa neno alilolitoa kwa uchungu, na akajibu. Ni mara chache sana msemaji mkubwa huitwa hivyo kulipia neno lake, na uchungu wake ulikuwa wa haki.

Muda mfupi baadaye, kwa nia hiyo hiyo njema, serikali iliendesha kura za siri katika mikoa kadhaa, zikianzia Kanda ya Ziwa. Wananchi walipewa karatasi waandike majina ya wanaowashuku kwa mauaji hayo. Ninaelewa kukata tamaa kulikozaa wazo hilo. Mashahidi walikuwa wanaogopa kusema. Lakini karatasi isiyo na mwandishi humwandama adui wa shamba sawasawa na muuaji. Aliyetajwa mara 30 na aliyetajwa na watu 30 waliokula njama wanafanana kwenye hesabu. Polisi walisema majina yangechunguzwa, na hiyo ilikuwa sahihi, ila kijijini kutajwa kwenyewe tayari ni hukumu, na watu wa Ufipa walilijua hilo miaka 75 kabla.

Rukwa nayo ilipata misiba yake katika mauaji na ukataji huo wa viungo, watoto wakiwa miongoni mwa waliojeruhiwa. Sitawataja, walikwisha kutajwa kupita kiasi, kwa picha za vidonda na majina ya vijiji vyao, na maneno kama zeruzeru yakichapishwa bila aibu. Vyama vya watu wenye ualbino vilipigana miaka mingi ili magazeti yaandike mtu kwanza, na hali ya ngozi baadaye. Baraza la Habari Tanzania, lililoundwa mwaka 1995 na wanahabari wenyewe, lina kanuni juu ya utu wa anayeripotiwa na haki ya kujibu. Januari 2015 serikali ilipiga marufuku waganga wapiga ramli, na neno ramli chonganishi likawa la kawaida katika taarifa za polisi. Ni neno zuri kwa sababu linaliita kosa kwa jina lake. Kosa ni kuchonganisha.

Je, mkoa ukichafuliwa unaweza kwenda mahakamani? Hauwezi. Sheria ya kashfa tuliyoirithi kwa Waingereza humlinda mtu anayetambulika. Mwaka 1944 Bunge la Mabwana la Uingereza, likiwa mahakama ya juu, liliamua shauri la Knupffer dhidi ya London Express: mwanachama wa kikundi cha Warusi waliokuwa uhamishoni alilalamika kwamba gazeti lilikichafua kikundi chake, akashindwa kwa kuwa yeye binafsi hakulengwa. Kikundi kile kilikuwa na watu 24 tu Uingereza. Mkoa wa watu zaidi ya milioni moja una tumaini gani? Nadhani mahakama zina hoja, maana mlango huo ukifunguliwa wazi wakubwa wataupitia kuzima kila ukosoaji. Lakini matokeo yake ni kwamba kadiri watu unaowasingizia wanavyokuwa wengi, ndivyo unavyokuwa salama zaidi.

Simu imeongeza kitu kingine. Kuna aina ya video ambayo kila Mtanzania mwenye simu amekwisha kuletewa: asubuhi, bibi mzee ameonekana uwanjani kwa mtu, nguo hazijakaa sawa, hajui alipo, na umati unamzomea kwamba ameanguka na ungo. Daktari wa wazee angeona pale ugonjwa wa kusahau, mtu aliyetoka kwake usiku akapotea njia. Mshika simu anauliza maswali kama mwendesha mashtaka, na bibi anajibu hovyo kwa sababu hawezi kujibu vingine. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 imempa raia haki juu ya sura na habari zake, na ina tume yake. Sijui bibi yupi kati ya hawa ataandikiwa lalamiko na nani, maana anayeweza kumwandikia ni ukoo wake, na ukoo mara nyingi umesimama kwenye umati. Katika miaka ya karibuni kamchape, kwa jina hilo hilo, ametokea tena katika taarifa za polisi za Mkoa wa Kigoma, na simu zikiwa zimewashwa.

Sumbawanga ina redio zake leo, ikiwamo Chemchemi ya jimbo katoliki, na hilo si dogo: mkulima wa Laela au Mtowisa anaweza kusikia habari ya kwao ikisomwa na mtu atakayekutana naye sokoni. Tatizo linabaki kwenye njia ya kwenda Dar es Salaam. Waandishi wengi wa mikoani hawana mkataba. Hulipwa kwa habari iliyotoka. Mwandishi wa aina hiyo akituma habari ya wakulima waliokosa magunia au ya bei ya mahindi iliyoporomoka, inaweza kukaa wiki mezani. Akituma habari ya radi iliyotumwa, inatoka kesho na picha. Ana watoto, ana kodi ya nyumba, na amekwisha kuelewa ni Ufipa ipi inayonunuliwa. Simlaumu yeye kwanza. Ninamlaumu anayepanga malipo, na ninataka jambo moja ambalo lipo ndani ya uwezo wake kabla ya mwezi kwisha: habari ya mahindi ilipwe sawasawa na habari ya radi, na ya radi isitoke mpaka aliyetajwa ndani yake awe amepigiwa simu na kujibu.